Swali la Tano

Jumatatu, 7 Aprili
Masika yameanza leo, na yameanza kwa fujo. Nimenunua daftari hili dukani Msambweni nikiwa nimelowa mpaka kwenye soksi. Miaka kumi na minne nimekuwa nikiwaambia wazee wa watu waandike au waandikishe mambo yao ya kila siku, kumbukumbu zisichakae, na mimi mwenyewe sijawahi kuandika mstari. Nina miaka hamsini na saba. Nimeona nianze kabla sijalazimika.

Kama daftari hili litaangukia mkononi mwa mtu: mimi ni Twaiba Abdulrahim, mzaliwa wa Waa, daktari wa wazee. Naongoza utafiti wa kumbukumbu za wazee kuanzia Diani hadi Lunga Lunga. Kila mwaka tunawazungukia wazee wetu, elfu moja na ushei, tukiwauliza maswali yale yale, ishirini, ya alama thelathini. Maswali niliyatunga mimi. Anayepata chini ya kumi na nane tunaandika kwamba kumbukumbu zake zimeharibika. Ni utafiti huu uliogundua kwamba wanawake wazee wa pwani ya kusini husahau mara mbili zaidi ya wanaume, na ugunduzi huo umenipandisha ndege mara nyingi kuliko nilivyopanda boda boda. Wafadhili wanakuja Julai. Nitavaa leso mpya.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua. Gari limekwama Mwangulu. Chengo, msaidizi wangu wa utafiti, amelisukuma, mimi nimeshika usukani na kutoa amri.

Ijumaa, 11 Aprili
Muuguzi wetu Purity ana homa. Ndiye anayewauliza wazee maswali siku hizi, Chengo akiwa mwenyeji wake wa njia na lugha. Jumatatu itabidi niende mwenyewe Gazi. Sijamwuliza mzee swali kwa mdomo wangu huu miaka mitatu sasa. Nimekuwa daktari wa karatasi.

Jumatatu, 14 Aprili
Nataka kuyaandika ya leo kwa utaratibu, maana yamenikaa vibaya.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi. Mwanarusi, mjane wa miaka themanini hivi, anayekaa peke yake kwenye shamba lake la minazi. Jina nililifahamu. Mwezi wa Januari mwanawe Suleiman alinijia ofisini akiomba cheti cha hali ya mamake. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, viatu vyake alivua mlangoni bila kuambiwa. Nilitoa fomu ya bibi kwenye kabati, nikaona kumi na tatu kwa thelathini, nikaandika kwamba hana uwezo wa kuamua juu ya mali yake, nikatia sahihi na muhuri. Haikuchukua dakika kumi. Bibi mwenyewe sikumwona.

Leo nimemwona. Alikuwa barazani akisuka ukili, na hakuuacha nilipomwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa Abdulrahim wa Waa, au nimekosea?”

“Hukukosea, mama.”

“Mamako alikuwa akija hapa kununua mikeka yangu. Mbishi wa bei yule, Mungu amrehemu. Hata akikubali alikuwa akikubali kwa kugombana.”

Huyo ndiye mama yangu kabisa. Nikaketi, nikafungua fomu.

Nilimwuliza tarehe ya leo. Akasema ni Mfungo Mosi, mwezi kumi na tano, Jumatatu. Kwa kalenda ya Kiislamu hakukosea, lakini fomu inataka Aprili. Nikaandika sifuri, kalamu ikisita kidogo. Swali la tano: “Mama, una watoto wangapi?” Aliinamisha uso kwenye ukili wake. “Sijui, mwanangu. Mungu ndiye anayewajua.” Sifuri. Swali la sita, jina la mume wake. “Baba Suleiman.” Nikamwambia nataka jina lake hasa. “Si nimekwishakutajia.” Sifuri. Chengo alikuwa akitazama viatu vyake tangu swali la tano.

Halafu yale maneno matatu ya kukumbuka, ambayo huulizwa baada ya dakika kumi, akanitajia kabla sijamwuliza, akasema ameyachoka kuyashika. Nilipokuwa nakwenda garini akaniita. “Daktari, mwavuli wako.” Nilikuwa nimeusahau barazani.

Kabla ya hapo aliniuliza jambo. Minazi yake imezungushiwa vigingi vyenye rangi nyekundu. “Hivi Suleiman anasema ni vya nguzo za stima. Stima gani hiyo inayopita makaburini?” Garini Chengo ndiye aliyenipa jibu. Shamba linauzwa kwa watu wa hoteli. Suleiman ameomba mahakama impe usimamizi wa mali ya mamake, kesi itasikilizwa Juni, na karatasi anayoitegemea ni cheti changu.

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua. Nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 19 Aprili
Leo ilikuwa hitima ya mjomba, Waa, nyumbani kwa shangazi Mwanaima. Watoto walijaa uani, wa kwetu na wa jirani, na mimi nikapewa kazi ya kuwapakulia. Ili nijue sahani za kutosha nikaanza kuwanyoshea kidole. Mmoja, wawili, watatu. Shangazi alinipiga mkono kwa upawa wenye mchuzi.

“Unawahesabu watoto wa watu? Uchuro huo. Panga sahani, kila mmoja atachukua yake, zikipungua utaongeza.”

Wanawake waliokuwa jikoni walinicheka, daktari mzima. Mimi nilisimama pale na mchuzi ukinichuruzika mkononi. Nilikuwa nimekumbuka. Marehemu mama, ukimwuliza amezaa wangapi, alikuwa akijibu, “Wapo, tunamshukuru Mungu.” Bibi mzaa mama alikuwa akituita mezani kwa majina, jina moja baada ya jingine, hata kama chakula kingepoa. Hakuna mwanamke wa umri wake aliyekuwa akihesabu wanawe kwa sauti. Hakuna aliyekuwa akimtaja mumewe kwa jina. Nimelelewa ndani ya jambo hilo mpaka nikaenda chuoni, na nilipokaa kutunga maswali yangu nikaandika swali la tano na la sita, nikayapa alama mbili mbili, nikaona ni maswali mepesi ambayo kila mwenye akili timamu atayajibu.

Jumapili, 20 Aprili
Nimeshinda ofisini peke yangu. Purity yuko kanisani, ni Pasaka.

Nimeyatoa majibu ya miaka yote na kuwapa wote alama kamili za maswali mawili yale, la tarehe nikakubali na mwezi wa Kiislamu. Ile tofauti kati ya wanawake na wanaume imeyeyuka. Nimerudia mara tatu, kwa kompyuta na kwa mkono. Kilichobaki ni kitu kidogo ambacho hakuna ambaye angenilipia nauli nikakieleze. Wanawake wale hawakusahau kitu. Walikuwa wakiwaficha watoto wao dhidi yangu, na kuwastahi waume zao waliokufa, na mimi nikaita maradhi.

Bi. Mwanarusi anatoka kumi na tatu hadi kumi na tisa. Ni mzima.

Jumanne, 22 Aprili
Nimemwita Chengo, nikafunga mlango. Yeye ni Mduruma wa Kinango, tumeanza kazi hii pamoja, na nilikuwa nimekasirika kwa namna ya mtu anayejua kosa ni lake.

“Ulikuwa ukijua?”

“Kuhusu kuhesabu watoto? Kila mtu anajua, daktari.”

“Miaka kumi na minne umekaa kimya?”

“Sikukaa kimya. Nilikwambia siku ya mafunzo ya kwanza, pale shuleni. Nikasema mama zetu hawatalijibu swali la tano. Ukaniambia sayansi haina uchuro. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nilikuwa naitaka kazi.”

Nilitaka kusema halikutokea. Lakini nikawa naiona ile chaki mkononi mwangu, na nikaikumbuka sauti yangu ilivyokuwa ikipendezwa na nafsi yake.

“Halafu ukaandika kwenye mwongozo,” Chengo akaendelea bila hasira, “jibu lisilo namba ni sifuri. Nimeandika sifuri nyingi, daktari. Mama yangu mzazi yumo.”

Ijumaa, 25 Aprili
Nimeiandikia mahakama kwamba nakiondoa cheti changu. Nimewaandikia pia wafadhili. Barua ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na naona haya kuandika kwamba ilikuwa ngumu zaidi.

Jumanne, 29 Aprili
Suleiman amekuja. Amevua viatu mlangoni kama mara ya kwanza. Leo adabu yake ilinichukiza.

“Daktari, mimi sikukulazimisha kutia sahihi.”

“Unajua kwa nini mamako hawahesabu wanawe?”

“Mimi ni mwanawe. Nitakosaje kujua?”

“Basi uliniomba cheti cha nini?”

“Wewe ndiye msomi. Fomu ni yako.” Alisema taratibu, wala hakukusudia kunitukana. Kisha akaniambia paa la mamake linavuja, kisima kiko mbali, ndugu zake wote wako Mombasa na Arabuni na hakuna anayekuja. Akianguka mle ndani nani atamwona? Amempangia chumba Likoni, karibu na kwake, chenye maji ya bomba. “Hilo shamba atakula nalo nini? Minazi yenyewe imezeeka kuliko yeye.”

Kibaya ni kwamba baadhi ya hayo nimewahi kuyasema mimi, kwenye mihadhara yangu. Mzee asikae peke yake. Mzee akaribishwe kwa wanawe. Alipoondoka nilifungua dirisha, mvua ikaingia mpaka kwenye faili, sikulifunga.

Ijumaa, 2 Mei
Mvua. Nimekoroma mchana kutwa.

Alhamisi, 8 Mei
Mahakama ilitaka daktari wa pili ampime Bi. Mwanarusi, na nilishukuru mno, nikajua sasa mambo yatanyooka. Alitoka Mombasa, Daktari Jaafar, kijana makini ambaye niliwahi kumsomesha. Amempima Jumanne. Leo nimempigia.

“Amepata kumi na nne, mwalimu. Pole. Najua ungependa vingine.”

“Ulitumia maswali gani?”

“Ya kwako. Pwani nzima tunatumia ya kwako.”

Nilimweleza kila kitu, swali la tano, la sita, la tarehe. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema anaelewa, ila ripoti amekwishaipeleka, na kipimo kingine kilichothibitishwa kwa Kiswahili hakipo. Akaniuliza kama nimechapisha hayo ninayomweleza mahali popote. Nimekata simu nikalia, na si kilio cha kujisitiri; Purity amenisikia kutoka chumba cha pili akaniletea chai.

Jumatatu, 12 Mei
Purity ameniuliza, kwa Kiswahili chake cha Kitui ambacho zamani nilikuwa nikikisahihisha, “Sasa dakta, si umwambie tu huyo shosho ahesabu? Mara moja. Kwani itamuua?” Nimemkemea. Halafu siku nzima nimewaza hilo hilo.

Jumatano, 14 Mei
Mvua.

Alhamisi, 15 Mei
Mvua. Mnazi mmoja umeangukia uzio wa ofisi. Wafadhili wamejibu kwa mistari miwili: safari ya Julai imesitishwa, nisitoe tamko lolote.

Alhamisi, 22 Mei
Nimekwenda Gazi kumwomba ahesabu.

Nilimkuta amepanga masufuria chini ya matundu ya paa, kila tundu na sufuria lake. Hapo Suleiman hakudanganya. Nilimweleza yote: cheti, kesi, hoteli, chumba cha Likoni. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa laana, lakini yeye akahamisha sufuria moja kidogo upande wa kulia.

“Kwa hiyo si vya stima,” akasema.

“Si vya stima, mama.”

“Nilijua. Nilitaka asiendelee kusema uongo, nikaacha kumwuliza.”

Nikamwambia hakimu atamwuliza swali la tano, kwa kuwa mawakili wamelishikilia hilo. Nikamwambia akijibu namba tu, namba moja tupu, bila majina, shamba litabaki lake.

Alinichukua nyuma ya nyumba, chini ya minazi, tukitembea taratibu kwa sababu ya tope. Pale kuna mawe. Mengine makubwa, mengine ya kiasi cha kichwa cha mtoto, yote meupe kwa chokaa. Macho yangu yalianza kuyahesabu yenyewe nikayazuia. Kigingi kimoja chekundu kimechomekwa kati ya mawili.

“Nilihesabu mara moja,” akasema. “Walikuja watu wa chanjo hapa, na karatasi kama yako. Msichana mmoja amevaa sare akaniuliza nina wangapi. Nilikuwa kijana, nina majivuno ya uzazi, mwenzangu wa jirani hajapata hata mmoja naye alikuwa amesimama pale. Nikamjibu kwa sauti. Nikamwonyesha na vidole. Mwezi haukwisha, surua ikaja ikachukua hawa wawili wadogo, siku moja na nyingine.”

Najua surua inavyoingia nyumbani. Naweza kuieleza kwa siku na kwa saa.

“Walionibakia ni watu wazima,” akasema, “lakini anayehesabiwa wa kwanza ni kifungua mimba. Huwezi kuanzia katikati. Nikianza, naanza na Suleiman.”

“Mama, Suleiman ndiye anayekunyang'anya.”

“Sasa mwanangu, kwa hiyo nimwanike?”

Tulirudi barazani. Alinipa ndizi za kupeleka nyumbani na akanikumbusha mwavuli.

Jumapili, 1 Juni
Nimemwandikia mhariri wa jarida lililochapisha utafiti wangu, nikaomba waufute. Nimesoma barua mara nyingi kabla ya kuituma. Nilikuwa nikitafuta njia ya kusema nilikosea bila kutumia neno hilo. Haipo.

Jumamosi, 7 Juni
Idi. Shangazi ameniletea nyama, ameniona nilivyokonda, amesoma dua kichwani kwangu.

Alhamisi, 12 Juni
Mvua ilikatika alfajiri, kesi ilianza saa tatu.

Watu wa Gazi walijaza mabenchi mawili. Kabla ya siku hii Chengo alikuwa amewazungukia akiwaomba wasimame mashahidi, na wote wakamjibu kwamba hawawezi kuingia kati ya mama na mwanawe. Wamekuja kutazama. Bi. Mwanarusi alikuwa amejifunga leso mpya, amekaa wima. Suleiman alimshika mkono kumpandisha ngazi, na akamwekea mto mgongoni. Mtu asiyejua angesema ni mwana mwema, na sijui hata sasa kama angekuwa amekosea.

Mimi nilitoa ushahidi kwanza. Nilisema fomu yangu ina kosa, nikaeleza kosa lilipo, nikasema Bi. Mwanarusi ana akili timamu kuliko watu wengi waliomo humu. Wakili wa Suleiman aliniacha nimalize. Kisha akainua nakala ya makala yangu.

“Daktari, hapa umeandika kwamba mama asiyeweza kutaja idadi ya watoto wake ana dalili ya wazi ya maradhi. Ni maneno yako?”

“Ni yangu.”

“Ulipewa tuzo kwa maneno haya?”

“Nilipewa.”

“Leo unasema si dalili, ni adabu. Mheshimiwa hakimu akuamini yule wa tuzo, au huyu wa leo?”

“Huyu wa leo.”

“Na mwakani?”

Watu wengine walicheka kidogo, kwa aibu. Nilikaa chini.

Hakimu ni mama wa bara, si mtu mbaya. Alitaka kumsikia bibi mwenyewe, na niliona kwamba hata baada ya maelezo yangu, lile swali kwake bado lilikuwa jepesi, la kumsaidia. Akavua miwani. “Mama, nisaidie jambo moja tu. Umejaliwa watoto wangapi?”

Mabenchi mawili ya Gazi yaliinamisha vichwa kwa pamoja. Nilimtazama Suleiman. Alikuwa amefumba macho na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa benchi. Alifungua mdomo, na naapa nilidhani atasema, “Mheshimiwa, usimwulize hilo.” Maneno matatu yangetosha. Alikohoa, akafunga mdomo.

“Mheshimiwa,” Bi. Mwanarusi akasema, “Mungu ndiye anayewajua.”

Hakimu alisubiri, akarudia swali kwa upole zaidi, akapata jibu lile lile. Akaandika. Alipokuwa akiandika nilijua hasa anachoandika, maana mwongozo wa kuandika hivyo niliutunga mimi. Usimamizi wa mali amepewa Suleiman.

Nje, bibi alinishika mkono. “Usilie mbele za watu,” akasema. “Unazeeka vibaya.”

Jumatatu, 16 Juni
Mradi umefungwa rasmi. Purity amepata kazi kwenye kliniki ya hoteli Diani. Nimemwandikia barua nzuri ya sifa, na kila neno lilikuwa la kweli, jambo ambalo siku hizi nalihakikisha mara mbili.

Alhamisi, 26 Juni
Leo wamemhamisha. Nilikwenda, ingawa hakuna aliyeniita. Vyombo vyake vyote havikujaza pikapu. Kabla ya kupanda alirudi nyuma kwenye mawe, na Suleiman akamfuata akimwambia, “Mama, tutachelewa, mama.” Aliliinamia kila jiwe akasema jina, akapumzika, akaenda kwa linalofuata. Hakuna namba hata moja iliyomtoka. Chengo aligeuka upande wa barabara akajifanya anazungumza kwenye simu.

Nilimsikia bibi akimwuliza Suleiman mawe watakwenda nayo lini, na Suleiman akamwambia watazungumza. Alidhani mawe yanahamishika.

Ijumaa, 4 Julai
Hakuna mvua. Minazi yote imeng'olewa kwa trekta, nimepita barabarani nikaona. Sikushuka.

Jumanne, 8 Julai
Naandika hili ili niwe nimeliandika, kisha nitalifunga daftari.

Suleiman alikuja leo asubuhi kwenye kliniki ninayosaidia, na mamake amemshika begani. Siku kumi na mbili tu. Nilimtafuta yule wa barazani kwenye uso ule nisimwone. Leso imefungwa upande, mdomo umekauka. Suleiman alisema tangu wiki iliyopita hali chakula vizuri, anaamka akitafuta mlango ambao haupo, anachota maji ya bomba kwa kikombe na kuyamwaga sakafuni, kwenye kona, akisema anamwagilia.

Nimekwishaona wazee wengi wakihamishwa na akili ikabaki nyuma. Nimeandika juu ya hilo pia. Nilimpima homa, nikampima presha, nikamtia maji kwa mshipa. Kisha nikachukua fomu yangu mpya, iliyosahihishwa, isiyo na swali la tano wala la sita. Siku hakuijua, ya Kiislamu wala ya kizungu. Mahali alipo alisema ni meli. Maneno matatu hayakukaa hata dakika moja. Nilimwuliza kama ananijua.

“Wewe ni yule msichana wa chanjo,” akasema.

Cheti changu cha Januari sasa ni cha kweli. Alama tano kwa ishirini na sita. Suleiman alikuwa akinitazama kalamu.

“Atarudi hali yake, daktari?”

Ningeweza kumpiga. Nilimwambia sijui. Kisha nikafanya jambo ambalo fomu haikunituma. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mikono, nikamwuliza kama nilivyomwuliza Aprili, kwa maneno yale yale. Nilitaka akatae. Nilitaka auinamishe uso wake na kuniambia Mungu ndiye anayewajua, ili nijue kwamba yumo ndani bado, amejifungia, ananusa uchuro wangu kama zamani.

“Mama, una watoto wangapi?”

Uso wake ulinyooka. Alitabasamu, tabasamu la mtu mwenye majivuno, akatoa mkono wake kwenye mikono yangu na kuinua vidole.

“Mmoja,” akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. “Suleiman.”

“Mama,” Suleiman akasema.

“Wawili, Mwanasha. Watatu, Hamisi.”

“Mama, usihesabu. Mama, tafadhali.” Alikuwa amepiga magoti kando yangu, mtu mzima, akijaribu kuvikunja vidole vya mamake kimoja kimoja, na kila alipokikunja kimoja kingine kiliinuka. “Daktari, mnyamazishe. Mwambie anyamaze.”

Hakunyamaza. Alihesabu walio Mombasa na walio Arabuni, akawahesabu na wale wa chini ya mawe, wawili wa surua kwa majina yao, mpaka tisa, bila kukosea, bila kurudia. Kisha akanitazama, akingoja niandike.

Kwenye fomu yangu ya zamani hilo ni jibu sahihi. Alama mbili kamili.